MAARIFA YA NYUMBANI: Moto Ukutani, Watu Mezani



Wahenga walisema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Methali hii yatufaa sana leo, maana twataka kusema nanyi juu ya chumba ambacho mgeni haonyeshwi, nacho ndicho chenye kazi kuliko vyumba vyote: chumba cha jiko.

Mtu akijenga nyumba huko Kasugho, au penginepo katika vilima vya Lubero, hufikiri sebule kwanza. Hununua mabati mapya, yale tuyaitayo manjanja. Huchagua mbao zilizonyoka. Huweka viti vyenye mito na meza ndogo yenye kitambaa. Kisha mbao zilizobaki, pamoja na mabati ya zamani yenye matundu, hupelekwa nyuma ya nyumba kujengea jiko. Hapana apimaye. Hapana aulizaye: Watu wangapi wataketi humu? Mama atapita wapi akibeba chungu cha moto? Watoto watasomea wapi jioni? Basi sebule ya wageni hukaa tupu siku nyingi, na jikoni watu wanane hubanana kila jioni kuzunguka mafiga matatu.

Je, chumba kitumiwacho na jamaa yote kila siku kwa nini kijengwe kwa mabaki? Leo na tukipange pamoja: moto ukae wapi, meza ikae wapi, na kila mtu aketi wapi.

Desturi yetu ya kuketi

Kuketi kuzunguka moto si jambo la kuonea haya. Wazee wa Kinande walikuwa na kyaghanda, yaani baraza ya wanaume. Moto uliwaka, watu wakaketi kuuzunguka, wakaamua mashauri ya kijiji, na vijana wakajifunza kwa kusikiliza. Jikoni nako kina mama na watoto walikuwa na moto wao, na hapo ndipo hadithi na vitendawili vilipotolewa. Kwa hiyo moto haukuwa wa kupikia tu. Ulikuwa shule na baraza pia. Jambo hili jema tusilipoteze.

Walakini tutazame hali ya siku hizi kwa macho ya haki. Mafiga yamekaa chini katikati ya chumba. Mama ameinama juu yake, mgongo umepindika, macho yatoka machozi. Mtoto mchanga yumo mgongoni mwake, naye avuta moshi uleule. Wadogo wamekaa sakafuni karibu na ndimi za moto, maana kuna baridi. Msichana mkubwa aruka miguu ya ndugu zake akienda kuchota maji. Na baba yu wapi? Baba yuko sebuleni peke yake, angojea sahani yake iletwe. Hivyo nyumba moja ina mahali pawili pa kulia: meza ya baba, na sakafu ya mama na watoto. Baba hajui mtoto yupi ameshindwa hesabu shuleni, na mtoto hajui baba anafikiri nini. Kila mmoja hukaa na shauri lake.

Hasara za moshi na moto

Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kuwa moshi wa kupikia nyumbani uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020. Miongoni mwao walikuwamo watoto zaidi ya 237,000 wasiotimiza miaka mitano. Moshi huo huleta homa ya mapafu kwa watoto, na kwa watu wazima huleta ugonjwa wa moyo, kiharusi, kifua kisichopona, hata saratani ya mapafu. Wanaoumia zaidi ni wale wanaokaa karibu na moto kwa saa nyingi, yaani mama na watoto wake.

Tena kuna kuungua. Shirika hilohilo lasema watu kama 180,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuungua, na wengi wao wamo katika nchi zisizo na mali nyingi. Kwa kina mama na watoto wadogo ajali hizo hutokea hasa jikoni. Mtoto hujikwaa akaangukia makaa. Au mtu hupita kwa haraka, akapiga figa kwa mguu, na maji yanayochemka yakamwagika. Tusiseme upesi kwamba mtoto alikuwa mtundu. Mara nyingi kosa ni la chumba: hakuna njia ya kupita, na mahali pa kuketi ni palepale pa kupikia.

Desturi mpya za ng'ambo

Labda baadhi yenu mmeona picha za nyumba za Ulaya na Marekani, ambazo katikati ya jiko pamesimama meza nene kama sanduku kubwa. Huko huiita kisiwa, maana imezungukwa na njia pande zote. Upande mmoja mama hukata mboga. Upande wa pili watoto na wageni huketi juu ya viti virefu wakizungumza naye. Wengine hudhani kwamba hayo ni mambo ya matajiri tu. Lakini habari ya meza hiyo ina mafundisho kwetu.

Zamani huko nako jiko lilikuwa chumba kikubwa, nao watu walizunguka moto. Baadaye wataalamu walianza kupima kazi ya mpishi. Mwaka 1869 Mmarekani Catharine Beecher, pamoja na dada yake Harriet Beecher Stowe, alitoa kitabu kilichofundisha kupanga jiko dogo, kila chombo karibu na mkono, kama jiko la melini. Mwaka 1926 mwanamke wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jiko la nyumba za wafanyakazi katika mji wa Frankfurt, Ujerumani. Upana wake ulikuwa karibu meta 1.9, na urefu karibu meta 3.4. Alihesabu hatua za mpishi toka moto mpaka maji, toka maji mpaka meza, akazipunguza. Majiko kama 10,000 ya namna hiyo yakajengwa mjini humo.

Kazi ikawa nyepesi, ni kweli. Lakini mlikuwa na kiti kimoja tu, cha mpishi! Mama akafungiwa peke yake, na watu wengine wakawa upande wa pili wa ukuta. Baadaye wengi walilalamika, kuta zikabomolewa, ndipo meza ya katikati ilipopata kupendwa, ili watu wapate tena kuketi karibu na anayepika.

Ndugu msomaji, waona ajabu yake? Wenzetu walizunguka nchi yote wakarudi mahali ambapo sisi hatukuondoka: jamaa kuketi pamoja na mpishi. Basi sisi tusiige jiko la kumfungia mama, wala tusiwaache watoto wetu kwenye ndimi za moto. Tuchukue jema la pande zote mbili. Shauri letu ni fupi, nalo ndilo kichwa cha habari hii: moto uende ukutani, watu wabaki katikati.

Kipimo cha chumba

Tufanye mfano wa jamaa ya watu wanane: baba, mama, bibi na watoto watano. Chumba kiwe na urefu wa meta 5 na upana wa meta 3. Kabla ya kuchimba msingi, chukueni kamba na vijiti, mkachore chumba hicho uwanjani. Kisha ketini ndani yake na viti vyenu, mpitishe sufuria tupu, mwone kama watu wanagongana. Kuhamisha kijiti ni rahisi kuliko kuhamisha ukuta.

Sasa tugawanye urefu wa meta 5. Jiko la udongo likae kwenye ukuta wa mwisho, ulio mbali na mlango, nalo litwae sentimeta 70. Mbele yake paachwe nafasi tupu ya sentimeta 120. Nafasi hiyo ni ya mpishi peke yake. Pasiwekwe kiti, wala mtoto asicheze hapo. Yafaa kuchora mstari sakafuni kwa chokaa, na kuwafundisha wadogo: "Hapa ndipo mpaka." Baada ya hapo ije meza yenye urefu wa sentimeta 180. Zitabaki sentimeta 130 mpaka mlangoni: 60 ni za mtu anayeketi kwenye ncha ya meza, na 70 ni za kupita.

Tugawanye na upana wa meta 3. Benchi lijengwe ubavuni mwa ukuta, na ukingo wa meza uwe sentimeta 45 kutoka ukuta huo. Meza yenyewe iwe na upana wa sentimeta 80. Upande wa pili zitabaki sentimeta 175: aketiye hutwaa kama 60, na nyuma yake hubaki njia pana ambayo mtu aweza kupita na ndoo bila kumgusa mwenziwe. Hata rafu nyembamba ya vyombo itapata nafasi kwenye ukuta ule.

Kwa nini benchi likae ukutani? Kwa sababu hapana mtu apitaye nyuma yake, nafasi haipotei. Tena ni mahali pa salama pa watoto: meza iko mbele yao, ukuta uko nyuma yao. Jambo moja msisahau: ncha ya benchi inayoelekea moto izibwe kwa ubao, ili watoto waingie na kutoka kwa upande wa mlango tu. Ubao huo mmoja una thamani kuliko makaripio mia.

Kipimo cha viti

Mtu mzima ahitaji sentimeta 60 za ukingo wa meza ili viwiko visigongane. Mtoto atoshewa na 45. Basi kwenye meza ya sentimeta 180 watoto wanne wataketi benchini, watu watatu wataketi upande wa pili, na mmoja kwenye ncha ya mlangoni. Hao ni wanane kamili. Kwenye ncha inayoelekea moto asiketi mtu.

Urefu wa kiti kutoka chini uwe sentimeta 45, karibu dhiraa moja. Urefu wa meza uwe 75. Kati ya kiti na meza pawe na tofauti ya sentimeta 25 hadi 30, ili magoti yapite na mikono isiinuliwe kama ya mtu anayeogelea. Wanaotaka meza ya kusimamia, yenye sentimeta 90, sharti wafanye viti vya sentimeta 60 au 65. Walakini nyumba yenye watoto wadogo haifai kuwa na viti virefu hivyo, kwa maana mtoto akianguka huumia kichwa. Meza ya 75 yatosha: mama akate mboga na kuchambua maharagi akiwa ameketi, naye atapumzisha miguu yake.

Sakafu zetu nyingi ni za udongo, hazikulingana. Kwa sababu hiyo fundi seremala afanye viti vya miguu mitatu kwa upande wa pili wa meza. Kiti cha miguu minne huyumba sakafu isipolingana. Cha miguu mitatu hutulia po pote. Lakini miguu hiyo itanuliwe vizuri kwa chini, ili kiti kisipinduke mtu akiegemea upande. Benchi la ukutani nalo lisimamishwe juu ya mawe au matofali, kuliko nguzo zilizofukiwa ardhini, maana mchwa hawana huruma. Pembe za meza zipigwe randa ziwe mviringo, kwa kuwa kichwa cha mtoto wa miaka miwili kipo karibu na kimo chake.

Jiko la udongo

Moto ukihamia ukutani, lazima moshi upewe njia yake. Ukuta wa nyuma ya jiko usiwe wa mbao. Uwe wa matofali au wa udongo mnene, ama sivyo nyumba itaungua. Dohani itoke nje na kupita juu ya paa, nayo bomba la moto lisiguse mti wo wote. Juu ya kuta, chini ya paa, paachwe matundu ya kudumu, na dirisha likabili mlango ili upepo upite.

Baada ya tetemeko kubwa la nchi huko Guatemala mwaka 1976, mafundi walieneza jiko la udongo na mchanga liitwalo Lorena. Vyungu huzamishwa katika matundu yake, navyo havipinduki kwa urahisi. Baadaye ilionekana kwamba mwili mnene wa udongo hunywa joto jingi kabla ya chungu kupata lake, na mara nyingine kuni hazikupungua. Ndipo wengine walipofundisha kujenga chumba cha moto chembamba, kilichopinda kama kiwiko, na kuzungushia majivu au kitu chepesi kisichopitisha joto upesi. Basi mkijenga, msisifu unene wa jiko. Sifuni mlango mdogo wa kuni, kuni zilizokauka sawasawa, na matundu yaliyolingana na vyungu vyenu.

Katika nchi hiyohiyo ya Guatemala waganga walijaribu jambo hili kati ya mwaka 2002 na 2004, katika nyumba 534 za milimani. Nusu walipewa jiko lenye dohani, nusu wakaendelea kwanza na moto wa wazi. Moshi uliowafikia watoto ulipungua kama nusu. Homa ya mapafu iliyo kali sana ilipungua kama theluthi moja. Lakini tukihesabu homa za mapafu zote pamoja, upungufu haukuwa dhahiri. Twawaambia haya kusudi msidanganyike. Dohani ni msaada mkubwa, lakini haitoshi peke yake: sharti kuwe na kuni kavu, madirisha wazi, na mtoto mchanga akae mbali na moto.

Sasa neno la bugali. Wachoraji wa ng'ambo hawakupika bugali, ndiyo maana majiko yao ni marefu. Kusonga bugali kwataka nguvu za bega, na mdomo wa chungu sharti uwe chini ya kiwiko cha mama. Basi jiko lisizidi sentimeta 50 toka chini. Chungu cha sentimeta 25 kikiwekwa juu yake, mdomo utafika 75. Mama asimame, apime kiwiko chake, kisha fundi ajenge. Fundi asiyempima mama hajengi jiko. Ajenga ukuta tu.

Majibu kwa wenye mashaka

Wengine watasema: "Moshi hufukuza wadudu wa mahindi, nao hukausha kuni." Ni kweli, na wazee walikuwa na akili kuutumia hivyo. Lakini paa la manjanja halihitaji moshi kama paa la nyasi. Mahindi na maharagi yaanikwe juani mpaka yakauke kabisa, kisha yatiwe katika pipa au dumu lililofungwa vizuri lisipite hewa. Wadudu watakosa pumzi. Kuni zipangwe chini ya upenu tangu kiangazi.

Wengine watasema: "Kwetu kuna baridi; watoto wataota wapi?" Udongo wa jiko hukaa na joto muda mrefu baada ya moto kuzimwa. Ubavuni mwa jiko, nje ya njia ya mpishi, wekeni kiti kimoja chenye maegemeo kwa ajili ya bibi. Atapata joto la ukuta bila ndimi za moto, na wajukuu watamsikiliza wakiwa mezani.

Wengine watasema: "Hatuna mali ya kujenga chumba cha meta 5." Basi anzeni na mlicho nacho. Katika chumba kidogo fanyeni meza ya sentimeta 120, yenye kuketiwa na watu watano, na watoto wawili wadogo watumie ubao ulioungwa ukutani kwa bawaba, unaoinuliwa wakati wa kula na kushushwa baadaye. Hata anayetumia mbabula ya makaa aweza kuiweka pembeni juu ya matofali, karibu na dirisha lililo wazi. Lakini mbabula isiingizwe kamwe chumba cha kulala, kwa maana hewa ya makaa haina harufu, nayo huua watu usingizini.

Mwisho, akina baba fulani watasema: "Si desturi yangu kuingia jikoni." Mzee, twakuheshimu, lakini kyaghanda ya baba zako ilikuwa na moto na watu, haikuwa na mtu mmoja mbele ya sahani moja. Moto ukiwa ukutani na meza ikiwa safi, chumba hiki hakimvunjii mtu heshima yake. Chukua kiti cha kwenye ncha, karibu na mlango. Huko utawaona wote kwa mara moja, nawe utamkaribisha mgeni wa kwanza.

Mgeni, maji na taa

Wageni tumesema? Mwaka 2024, vita vilipofika Kanyabayonga, watu wengi walikimbilia upande wa Lubero na Butembo, na jamaa nyingi ziliwapokea ndugu zao waliokuja na mzigo wa kichwani tu. Nyumba zetu zajua maana ya kuongeza watu wanne kwa siku moja. Basi tundikeni viti viwili vya akiba ukutani, na mbao za benchi ziwe nene za kutosha. Mgeni akipewa kiti mezani ahesabiwa ndani ya jamaa. Akiachwa mlangoni na sahani mkononi, ajua ya kuwa hesabu haikumfikia.

Maji ya kunawa mikono yakae mlangoni, kabla mtu hajafika kwenye kiti chake. Jambo hili tulifundishwa kwa uchungu wakati wa Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikamalizika tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua zaidi ya watu 2,200 katika nchi yetu, wengi wao wa Beni, Mabalako, Katwa na Butembo. Ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni visiondoke kwa kuwa hofu imeondoka.

Taa nayo itundikwe juu ya meza. Sisi tunakaa karibu na ikweta, na jua hutua karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Ukiwa na sebule na jiko, wahitaji taa mbili. Ukiwa na meza moja, taa moja yatosha. Mama aona chungu chake, mwanafunzi aona daftari lake, na baba aona wote wawili. Taa ya nguvu za jua ni bora kuliko ya petroli, ambayo mtoto aweza kuipindua.

Tena tukumbuke msitu. Kasugho ndipo kilipoanzishwa chuo kikuu cha kufundisha uhifadhi wa maumbile, kwa jirani ya Hifadhi ya Tayna wakaamo magorila. Kila mzigo wa kuni usioteketezwa bure ni mti uliosalia. Kwa mbao za meza na benchi tumieni mikalitusi iliyopandwa, nanyi mpande mingine mahali pake.

Mtoto akiungua

Hata chumba kikipangwa vizuri, ajali yaweza kutokea. Mtoto akiungua, mwondoeni motoni, mkamwagie mahali palipoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Msipake majivu, wala udongo, wala mafuta, wala dawa ya meno. Malengelenge msiyapasue. Funikeni kwa kitambaa safi, mfunikeni mtoto mwili wake mwingine asishikwe na baridi, kisha mpelekeni zahanati upesi, hasa kama ameungua usoni, mikononi, au mahali pakubwa kuliko kiganja chake.

Kazi ya wanafunzi

Ninyi wanafunzi, Jumamosi hii twawapa kazi. Chukueni kamba, mpime urefu na upana wa chumba cha jiko cha kwenu. Chorani picha yake katika daftari, kila sentimeta moja ya karatasi iwe badala ya sentimeta 50 za chumba. Wekeni alama ya moto, ya maji, ya mlango na ya kila kiti. Kisha wakati mama anapika, hesabuni hatua zake kutoka moto mpaka maji, na mara ngapi anaruka miguu ya mtu. Andikeni hesabu hiyo chini ya picha, mkamwonyeshe baba. Pengine hesabu ya mtoto itasikiwa mahali ambapo maneno ya mama hayakusikiwa.

Na ninyi wazazi, msingoje mpaka mpate mali ya kujenga upya. Juma hili fanyeni jambo moja tu: sogezeni moto kutoka katikati, au zibeni ncha ya benchi, au fanyeni kiti kimoja cha miguu mitatu. Figa moja haliinjiki chungu, lakini aliyekwisha kuweka la kwanza ajua pa kuliweka la pili.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutasema juu ya namna ya kukausha na kuhifadhi maharagi yasiliwe na wadudu. Kwa herini.